Foku ya kupanda na kushuka, au ya mbonyeo mmoja? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa kifupi kabisa: ninunue ipi?

Kama baiskeli yako ya milimani ni ya miaka ya karibuni, nunua foku (ule uma wa mbele unaoshika gurudumu na kubonyea kwenye mawe) ya mbonyeo mmoja, ile isiyobadilika urefu ukiwa njiani, na usilipe zaidi kwa ajili ya kishikizo cha kuishusha. Kama fremu yako ni ya zamani, siti yake imelalia nyuma, na vilima unavyopanda ni virefu na vikali, subiri kidogo usome majibu ya chini, maana huenda ile ya kubadilika ikakufaa kweli. Watu huuliza swali hili wakiitazama foku. Jibu lake, mara nyingi, liko kwenye fremu.

Mbonyeo ni nini?

Ni umbali ambao foku inaweza kubonyea, kuanzia ilivyonyooka mpaka inapogota. Foku ya milimita 140 huliruhusu gurudumu la mbele kupanda hadi sentimita 14 likikutana na jiwe, huku mikono yako ikibaki pale pale au karibu na pale. Foku ya RS-1, ambayo kampuni ya RockShox iliitoa mwaka 1989, ilikuwa na milimita 48 hivi tu. Leo baiskeli za mbio za msituni hubeba 100 hadi 120, za njia za milimani kwa jumla 120 hadi 150, za enduro (mbio ambazo muda hupimwa kwenye miteremko) 150 hadi 180, na zile za kuteremka tu hufika 200 zikiwa na foku ya mataji mawili (taji ni kile kipande kinachounganisha miguu ya foku kwa juu).

Foku ya kubadilika inabadilikaje?

Kuna njia mbili kuu, na inafaa kuzitofautisha kwa sababu kasoro zake hazifanani.

Ya kwanza ni ya springi ya chuma. U-Turn ya RockShox ndiyo iliyojulikana zaidi: unazungusha kitasa kilicho juu ya mguu wa foku, raundi baada ya raundi, nayo foku inafupika polepole. Pike, foku yao ya zamani yenye U-Turn, ilitoka milimita 140 mpaka 95, na ungeweza kuisimamisha popote katikati. Ubaya wake ni kwamba haiendi haraka, na kadiri unavyoishusha ndivyo mizunguko ya springi inayofanya kazi inavyopungua, kwa hiyo springi inakuwa ngumu zaidi. Wengine waliipenda hivyo hivyo, mimi mmojawapo.

Ya pili ni ya hewa. Ndani ya foku kuna chumba kikubwa cha hewa kinachokubeba, na kingine kidogo upande wa chini kinachovuta foku ishuke ili ianze kubonyea kwa ulaini. Ukigeuza kishikizo na kuilalia foku kwa uzito wako, valvu inafunguka, hewa au mafuta yanahama, foku inabaki chini. Ukikigeuza tena na kuondoa uzito, inapanda. Fox waliita mfumo wao TALAS, na ulikuwepo wenye vituo vitatu: milimita 100, 130 na 160. RockShox walikuwa na Dual Position Air yenye vituo viwili, kwa mfano 160 na 130.

Marzocchi walikuwa na ETA, ambayo iliishusha foku na kuibakizia mbonyeo mdogo sana wa kupandia mlima. Na Bionicon walikwenda mbali zaidi kuliko wote: kwa kitufe kimoja kwenye usukani, mbele inashuka na nyuma inapanda kwa wakati mmoja, hewa ikihama kati ya pande mbili za baiskeli. Ni ufundi wa kupendeza hata kama huna mpango wa kuununua.

Mbona siku hizi zimekuwa adimu?

Kwa sababu tatizo lililozizaa limetatuliwa kwingine.

Turudi nyuma miaka kama 20. Watu walikuwa wameanza kutaka baiskeli moja ya kupanda na kuteremka, kwa hiyo watengenezaji wakawa wanaweka foku ndefu zaidi na zaidi kwenye fremu ambazo umbo lake lilikuwa bado la zamani. Pembe ya siti, yaani jinsi bomba la siti lilivyosimama ukilinganisha na ardhi, ilikuwa nyuzi 72 au 73. Ukiweka foku ndefu hapo, pembe hiyo inalegea zaidi, siti inarudi nyuma, nawe unajikuta umekaa juu ya gurudumu la nyuma. Kwenye mteremko hujali, umesimama. Kwenye mlima, gurudumu la mbele linakuwa jepesi kama karatasi, linatangatanga kushoto na kulia, na mara linainuka. Foku ya kushuka ilikuwa dawa ya ugonjwa huo.

Kisha wachora fremu wakaibadilisha fremu yenyewe. Bomba la siti likasimamishwa hadi nyuzi 76, 77, hata 78. Sehemu ya mbele ya fremu ikarefushwa ili mwendeshaji asibanwe. Gia za nyuma zikapata meno 50 na zaidi, kwa hiyo unapanda umekaa, polepole, bila kuhitaji kujikunja juu ya usukani. Nguzo ya siti inayoshuka kwa kitufe ikawa ya kawaida. Foku ya kushuka ikabaki bila kazi.

Nikiishusha foku kwa milimita 30, baiskeli inabadilika kwa kiasi gani hasa?

Tuchukue baiskeli ambayo umbali kati ya ekseli mbili, vyuma ambavyo magurudumu huzungukia, ni milimita 1,200, na pembe ya shingo, pale foku inapoingia kwenye fremu, ni nyuzi 65. Hesabu ni ya jiometri ya shule tu. Kwa kuwa foku imelala, milimita 30 za urefu wake huishusha mbele ya fremu kwa takriban milimita 27 za wima. Gawanya kwa 1,200, geuza kuwa nyuzi, unapata kama 1.3.

Kwa hiyo shingo inasimama zaidi kwa nyuzi 1.3, na siti inasogea mbele kwa nyuzi hizo hizo 1.3. Usukani unashuka kama sentimita 2. Kitovu cha pedeli, pale mikono ya pedeli inapozungukia, ambacho kiko karibu zaidi na gurudumu la nyuma kuliko la mbele, kinashuka kama milimita 10.

Hiyo milimita 10 ndiyo watu huisahau. Mahali ambapo unahitaji foku ishuke ni kwenye mlima mkali, na mlima mkali wa msituni kwa kawaida una mizizi na mawe. Sasa umezishusha pedeli zako sentimita moja kuelekea kwenye mawe hayo, na unapiga pedeli mfululizo bila nafasi ya kupumzika. Mguu ukigonga, unasimama. Kuanza tena katikati ya mlima ni taabu inayojulikana.

Lakini inasaidia kupanda, au haisaidii?

Inasaidia. Suala ni kiasi, na kama huwezi kuupata msaada huo kwa njia nyingine.

Mlima wenye mwinuko wa asilimia 15 huipindua baiskeli yako nyuma kwa nyuzi 8.5 hivi. Foku iliyoshushwa milimita 30 inakurudishia 1.3. Fremu ya kisasa yenye siti ya nyuzi 77, ukiilinganisha na ya zamani ya 73, inakurudishia 4, muda wote, bila kugusa chochote. Ndiyo maana nasema uanze na fremu.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawaharakishi kukwambia. Siti yako imefungwa kwenye reli mbili, na inaweza kusogea mbele. Kama siti iko milimita 730 juu ya kitovu cha pedeli, kila milimita 10 unazoisogeza mbele ni sawa na kusimamisha pembe ya siti kwa kama nyuzi 0.75. Isogeze milimita 15, umepata karibu nyuzi 1.15. Chini ya shina la usukani, kile kipande kinachoushika usukani, kuna pete za kuongezea urefu. Ziondoe hapo uziweke juu ya shina, na usukani umeshuka kwa unene wa pete hizo. Ukishusha milimita 20 umepata karibu kile kile ambacho foku ingekupa, ila kitovu cha pedeli kimebaki juu, salama na mawe.

Bila shaka si sawa kabisa. Siti iliyosogezwa mbele inabaki mbele hata kwenye tambarare, na magoti ya wengine hulalamika. Usukani wa chini haupendezi kwenye mteremko. Na ukisogeza siti usivuke alama za mwisho zilizochorwa kwenye reli. Lakini jaribu hili kwa wiki mbili kabla ya kununua foku nzima.

Kushusha foku ndiyo kuifunga?

Hapana, na mkanganyiko huu umewapotezea watu pesa. Kufunga ni kuzuia mafuta yasipite kwenye dampa, sehemu ya foku inayotuliza mbonyeo, ili foku isibonyee. Urefu wake haubadiliki. Kushusha ni kubadilisha urefu, na foku iliyoshushwa bado inabonyea.

Zingatia ajabu moja: ukiifunga foku ikiwa imenyooka, mbele ya baiskeli inakaa juu zaidi kuliko ambavyo ingekaa ikiwa wazi na imezama kidogo kwa uzito wako. Kwenye mlima mkali wa njia nyembamba, kuifunga foku kunaweza kukuharibia umbo la baiskeli badala ya kulitengeneza. Kufunga kunafaa lami na barabara laini ya vumbi unaposimama na kukanyaga kwa nguvu. Zaidi ya hapo mimi siigusi.

Foku za kubadilika zina ubaya gani?

Ladha ya kuiendesha, kwanza kabisa. Chumba cha hewa kilichogawiwa kwa ajili ya valvu, pistoni na sili (mipira ya kuzuia uvujaji) za ziada hakiwi kikubwa kama kile cha foku ya kawaida. Foku ya hewa hupata ulaini wake mwanzoni kutokana na chumba cha chini, na ugumu wake unaoongezeka pole pole katikati kutokana na ujazo wa chumba cha juu. Ukivibana vyote viwili, mara nyingi unapata foku inayokataa vijiwe vidogo, inazama upesi katikati, kisha inakuwa ngumu ghafla mwishoni. Ikiwa imeshushwa, ndiyo mbaya zaidi.

Pili, marekebisho. Foku ya mbonyeo mmoja hukuruhusu kutia vipande vya plastiki ndani ya chumba cha hewa ili kupunguza ujazo, na hivyo kuikaza foku karibu na mwisho wa mbonyeo bila kuongeza presha. Foku nyingi za kubadilika hazikuwa na nafasi ya vipande hivyo. Unaachiwa presha tu.

Tatu, sili. Kila sili iliyoongezwa ni mahali pengine pa kuvuja na pa kusuguana. Zikivuja ndani kwa ndani hutaona mafuta nje, utashangaa tu foku inashuka.

Na uzito, ambao ni gramu kadhaa tu. Usiuwaze.

Vipi nikisahau kuipandisha kabla ya kuteremka?

Utajua. Mimi nimesahau mara mbili. Mara ya kwanza nilifika kileleni, nikanywa maji, nikapiga soga, nikashusha siti, nikaachia breki. Kwenye ngazi ya kwanza ya mawe usukani ulikuwa chini kuliko mikono yangu ilivyotarajia, gurudumu la mbele likaingia chini ya fremu badala ya kulipita jiwe, nami nikatua kichakani nikiwa nimeushika usukani bado. Kilichoniuma zaidi ni bega, na maswali ya wenzangu.

Baada ya pale nilijiwekea utaratibu: mkono ukishusha siti, unagusa na foku. Ulinisaidia mpaka siku ya pili, ambapo kilele hakikuwa kilele. Njia ilipanda, ikashuka ghafla kwa mita hamsini, ikapanda tena. Njia nyingi nzuri ndivyo zilivyo. Foku ya kushuka inampenda mtu mwenye mlima mmoja mrefu na mteremko mmoja mrefu. Njia ya mawimbi inamchosha kwa kuinama na kugeuza kishikizo.

Je, niishushe kwenye tambarare yenye kona nyingi?

Watu hufanya hivyo, na kweli baiskeli inageuka haraka zaidi ikiwa na shingo iliyosimama na kitovu cha chini. Kwa baiskeli yenye shingo iliyolala sana ni raha ndogo ya kweli. Angalia pedeli tu.

Foku ya mbonyeo mmoja kumbe haibadiliki kabisa?

Inabadilika, ila kwa spana na mezani, si njiani. Hili ndilo jibu ambalo ningependa kila mnunuzi alijue.

Kwenye foku nyingi za hewa za RockShox, urefu wa mbonyeo huamuliwa na fimbo ya ndani ya upande wa hewa. Unatoa hewa yote, unafungua boliti za chini, unavua miguu ya chini, unatoa fimbo ya milimita 140, unaingiza ya 150 au 130, unatia oili mpya, unafunga. Kwenye baadhi ya foku nyingine, Manitou wakiwemo, ni vipande vidogo vya kuongeza au kupunguza vinavyopachikwa kwenye fimbo ile ile. Fundi aliyezoea huimaliza kazi hii upesi, na inafaa uifanye siku ambayo foku ingefunguliwa kwa matengenezo hata hivyo.

Kila mwili wa foku una kikomo chake, na fremu nayo ina kikomo chake. Mtengenezaji wa fremu hutaja urefu wa juu wa foku anaouruhusu. Ukiuzidi, shingo ya fremu inabeba nguvu ambayo haikuundwa kuibeba, na dhamana yako inakwisha hapo hapo. Mabadiliko ya milimita 10 yana athari ya kama nusu nyuzi kwenye shingo na milimita 3 kwenye kitovu, unayahisi, hayakutishi. Ya milimita 20 ningeyafikiria mara mbili.

Kwa hiyo nichague milimita ngapi?

Zile zile ambazo fremu yako ilichorewa. Ukitaka kusogea, sogea 10 juu kama miteremko ndiyo raha yako na baiskeli inakuogopesha, au 10 chini kama unataka ipande na kugeuka vizuri.

Usiibe jibu la rafiki. Kuna watu hununua milimita 170 kwa njia zinazohitaji 130, kisha wanalalamika kuwa baiskeli imelala usingizi. Na angalia unene wa miguu pia. Foku ya milimita 140 yenye miguu ya kipenyo cha 36 huwa imara zaidi kwenye usukani kuliko ya 150 yenye miguu ya 32, na kwenye mawe uimara huo unausikia kabla hujasikia tofauti ya sentimita moja ya mbonyeo.

Baiskeli yangu ina shoki mbele tu. Mambo ni yale yale?

Siyo. Nyuma haizami, kwa hiyo kila milimita foku inayobonyea huipindua baiskeli yote. Foku ya 140 ikibonyea hadi mwisho, shingo inasimama kwa karibu nyuzi 6. Kwenye baiskeli yenye shoki pande zote mbili, nyuma inazama pamoja na mbele na sehemu ya badiliko hilo inafutika.

Baiskeli ya shoki ya mbele tu inataka foku ya wastani, iliyokazwa vizuri, ya mbonyeo mmoja. Ukiongeza kishikizo cha kushusha unaongeza badiliko jingine juu ya badiliko ambalo tayari ni kubwa. Wapo wanaoipenda kwa safari za siku nyingi wakiwa na mizigo, ambapo hupanda kwa saa nzima bila kusimama, na siwezi kuwabishia.

Foku nzuri niliyonayo haipandi vizuri. Nianze wapi kabla ya kununua nyingine?

Anza na mzamo, yaani kiasi ambacho foku inabonyea kwa uzito wako tu ukiwa umesimama juu ya pedeli. Sukuma kile kipete cha mpira kwenye mguu wa foku hadi chini, panda taratibu, shuka taratibu, pima. Kwa watu wengi asilimia 15 hadi 20 inafaa. Kwenye foku ya milimita 150, asilimia 20 ni milimita 30.

Halafu pima nyuma, na hapa ndipo siri ilipo mara nyingi. Shoki ya nyuma iliyo laini mno inazama sana ukikaa kwenye mlima, siti inarudi nyuma, mbele inainuka, na mtu anailaumu foku. Nimeona baiskeli zilizopona kwa kutiwa hewa nyuma na kugeuza swichi ya kupandia kwenye shoki. Hakuna kilichonunuliwa.

Nimepata foku ya kubadilika ya mtumba. Niikague vipi?

Uliza kwanza kama ina sehemu zake. Foku za mfumo uliokwisha kutengenezwa zinaweza kuwa nzima kabisa leo, na kesho sili moja ya kipekee ikakosekana.

Kisha ishike. Ishushe na kuipandisha mara kumi mfululizo. Inapaswa kushuka kwa msukumo mmoja au miwili na kubaki chini bila kupanda yenyewe. Ukiifungua, ipande mpaka mwisho bila kusita. Pima kwa rula kutoka kwenye sili ya vumbi hadi kwenye taji: kama imeandikwa milimita 150 na miguu inaonekana 138, kuna hewa iliyohamia chumba cha chini. Pitisha ukucha juu ya miguu kuanzia juu hadi chini. Mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha katika eneo la mbonyeo utakula sili, haijalishi foku imeng'arishwa vipi.

Angalia pia kwamba bomba la shingo ni refu vya kutosha kwa fremu yako, kwamba ni lile linalopanuka kuelekea chini au lililonyooka kama fremu inavyotaka, na kwamba ekseli inalingana na gurudumu lako. Haya hayahusiani na kupanda wala kushuka, ila ndiyo yanayowarudisha watu nyumbani na foku isiyoingia.

Foku yangu imebaki chini, haitaki kupanda. Imekufa?

Pengine siyo. Hewa imepita kutoka chumba cha juu hadi cha chini, na sasa inaivuta foku chini. Toa hewa polepole sana kwa valvu huku ukiivuta foku inyooke, kisha jaza upya kidogo kidogo, ukiibonyeza mara kadhaa kila baada ya kuongeza hewa ili vyumba vilingane. Kama ikirudia baada ya siku mbili, sili ya pistoni imechoka na inabidi kufunguliwa. Hili huzikumba hata foku za mbonyeo mmoja, ila hizo zina njia chache za kuvujia.

Usifungue foku yenye hewa. Fimbo inayoruka nje kwa presha haina mzaha.

Matengenezo yanatofautiana?

Ya kawaida hapana: kufuta miguu kila baada ya safari, na kufungua miguu ya chini kusafisha na kubadili oili kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha, mapema zaidi kama unapita matopeni. Ukarabati wa ndani wa upande wa hewa ndio unaotofautiana. Kwenye foku ya kawaida mtu mwenye subira anaufanya nyumbani. Kwenye ya kubadilika ningeipeleka kwa fundi ambaye ameshafungua moja kabla ya yangu.

Ni nani basi bado anafaa kuwa nayo?

Mwenye fremu ya siti ya nyuzi 73 ambayo hana mpango wa kuibadilisha, na njia yake ni kupanda mara moja kwa muda mrefu kisha kuteremka mara moja. Mtu mrefu sana pia, kwa sababu kwenye fremu nyingi za zamani bomba la siti limepinda, na kadiri siti inavyopandishwa ndivyo inavyozidi kurudi nyuma. Kwake nyuzi 1.3 si kitu cha kudharau. Na mtu anayeitumia baiskeli moja kwa mambo mawili yaliyo mbali, siku moja mbio za masafa na siku nyingine kuteremka mawe, ingawa huyo kila kitu chake kitakuwa cha nusu.

Tayari ninayo, inafanya kazi, na sina shida nayo. Niibadilishe?

Usiibadilishe. Endelea nayo mpaka sili zikose kupatikana. Kama hujawahi kugusa kile kishikizo kwa miezi sita, kiache juu, tia presha yako, uiendeshe kama ya mbonyeo mmoja. Na foku kadhaa za aina hiyo hugeuzwa kuwa za mbonyeo mmoja kwa kubadilishiwa upande wa hewa peke yake, mwili na dampa vikibaki vile vile. Muulize fundi kuhusu modeli yako hasa kabla hujaanza kutafuta foku nyingine.